Nyumba Tuliyoijenga kwa Mfano wa Kihenge

Vijana wangu, kila mnaponikuta barazani mnaniuliza kazi za enzi ya Mdachi: stesheni, bohari za reli, nyumba za mawe zenye kuta nene kama ngome. Nawajibu, maana baadhi yake mikono yangu imo. Lakini mnauliza kana kwamba fundi hupimwa kwa uzito wa mawe aliyoyainua. Kazi iliyonifanya fundi haikuwa na jiwe ambalo watu wawili wasingelibeba. Ipo mlimani, juu ya njia ya Kisaki, pahali ukoo wetu unapopaita Mgongoni, na ilijengwa kwa miti, mianzi, udongo na ubishi mwingi. Nataka niwasimulie hiyo, kwa sababu siku hizi nawaona mnapanda milimani na ramani ya nyumba ya mjini mfukoni, mnaitandika juu ya mteremko kama mtu anayetandika mkeka juu ya mawe, halafu masika yakija mnailaumu mvua.

Aliyenifunza kushika mwiko ni Fundi Mwinyikombo, mtu wa pwani aliyekuja Morogoro pamoja na reli. Alikuwa mrefu, mkimya, meno mekundu kwa tambuu, na alikuwa na tabia moja iliyotuchekesha. Ukuta ukimalizika hakuukagua kwa macho tu. Aliuegemea kwa mgongo, akanyoosha miguu, akasinzia kidogo. Alisema ukuta anaouogopa yeye hana haki ya kumwambia mwenziwe alale chini yake. Siku moja kwenye bohari aliegemea ukuta tuliouharakisha, chokaa haijashika, ukaenda naye. Tulipomfukua alikuwa mweupe mwili mzima kama aliyetoka kwenye gunia la unga. Akatema tambuu, akautazama ule mrundo, akasema, "Huu bado." Tukaanza upya.

Kwake nilijifunza timazi, ile kamba yenye uzito ya kupimia ukuta kama umesimama wima, nilijifunza kuloweka matofali kabla ya kuyajenga, na kutoiamini pembe mpaka niipime kwa kamba. Ila hakuwahi kunifunza kujenga kwenye mteremko, kwa sababu huko kwao ardhi imelala, na kazi zetu za reli zote zilikuwa bondeni.

Nilikuwa bado chini yake nilipoletewa ujumbe na Mama Mkubwa Zena. Huyu alikuwa dada mkubwa wa mama yangu, na mama yangu alipofariki yeye ndiye aliyebaki kuwa mama. Alisema nipande, kazi ipo, na nisije na hadithi za mjini.

Nilipofika nilikuta mambo yamekaa vibaya. Akida, mtumishi wa Wadachi aliyesimamia vijiji vyetu, alikuwa amepita akitangaza kwamba mpima ardhi wa serikali atapanda mlima masika yajayo yakishakatika. Walowezi walikuwa wanatafuta mahali pa kupanda mpira na kahawa. Pahali penye nyumba ya kudumu, yenye watu wanaoishi humo, pangeachiwa wenyewe. Pasipo na nyumba pangehesabiwa pori lisilo na mwenyewe. Kibanda cha kulindia ndege si nyumba, akida alisema, wala ghala si nyumba.

Sasa Mgongoni ndiko kulikokuwa na mashamba ya ukoo: mahindi, maharage, migomba, na mpunga wa mlimani kwenye vipande vyenye unyevu. Sisi Waluguru ardhi hufuata tumbo la mama, na tumbo hilo kwa wakati ule lilikuwa la Mama Mkubwa Zena na binti zake. Walikuwa wakilima kule na kuvuna kule, lakini kulala walishuka chini. Nyumba haikuwepo Mgongoni, na kila mtu alijua sababu.

Sababu ilikuwa Mjomba Kibwana, kaka yake Mama Mkubwa. Miaka ya nyuma, kabla sijaingia kwenye ufundi, yeye alitaka kuhamia Mgongoni. Akaleta watu wa kumjengea nyumba ya pembe nne ya mtindo wa pwani, kuta nene za udongo, zimechimbiwa vizuri ndani ya mteremko. Ilikuwa nyumba nzuri. Masika yake ya kwanza maji yalijikusanya nyuma ya ukuta wa juu, udongo ukalewa, nyumba nzima ikateremka kama sinia lililoteleza mikononi. Mjomba alikuwa ndani. Walimtoa akiwa hai, nyonga imevunjika, na tangu hapo alitembea kwa fimbo, akiuvuta mguu mmoja.

Ukoo ulipokutana, yeye ndiye aliyesema kwanza. Alitaka tushuke wote, tujenge kando ya barabara ambako akida alikuwa anagawa viwanja. Hakusema kwa woga, wala hakuwa mtu wa kujipendekeza kwa wakubwa. Alisema mlima ulishampa jibu lake, akagusa nyonga, na hataki uwape na watoto wa dada yake jibu lile lile.

Mama Mkubwa alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mlima haukukataa nyumba, kaka. Ulikataa ile."

Kikao kilivunjika bila mapatano. Mjomba alisema hatatia mkono. Mama Mkubwa alisema hajamwomba. Asubuhi yake tukapanda mimi na Mama Mkubwa peke yetu, yeye mbele na jembe begani, mimi nyuma na kamba yangu na timazi. Nilikuwa nimeshaanza kuwaza nyumba kichwani: msingi wa mawe, matofali ya kuchoma, ukuta wa kuzuia udongo upande wa juu. Nikaanza kumweleza. Akaniambia ningoje, nione kwanza kilichosimama.

Akanipeleka kwenye kihenge chake. Ninyi mliokulia mjini labda mmekiona kwa mbali tu: ghala la duara la kuhifadhia mahindi, limesukwa kwa mianzi kama kapu kubwa, limekandikwa udongo uliochanganywa na mavi ya ng'ombe, limekaa juu ya miguu, na paa lake la nyasi ni kama kofia unayoweza kuivua. Kile cha Mama Mkubwa kilikuwa hatua chache tu kutoka kwenye kovu la nyumba ya Mjomba, ambako migomba ilikuwa imeshaota.

"Siku ile nyumba ya kaka yangu inashuka, hiki kilikuwa hapa," alisema. "Kimejaa mpaka shingoni. Hakikusogea. Wewe ndiye fundi, niambie kwa nini."

Nikalala kifudifudi nikaingia chini yake. Na hapo ndipo nawaomba vijana mniige: msione haya kulalia tumbo kazini. Chini ya kihenge kulikuwa na alama za maji. Yalikuwa yakipita kila masika, miaka nenda miaka rudi, yameacha mistari ya mchanga mwembamba, na hayakuwa na ugomvi na mtu kwa sababu hayakuzuiwa. Miguu haikuchimbiwa. Ilisimama juu ya mawe bapa, jiwe limekaa juu ya udongo mgumu. Mzigo wote wa mahindi ulikuwa juu ya miguu, ukuta haukubeba kitu zaidi ya nafsi yake. Na paa lilitoka nje sana, michirizi ikaangukia mbali.

Nilipotoka nikamwambia nimeanza kuona. Akanichukua mpaka kwenye dungu, kile kichanja kirefu cha kulindia ndege na nguruwe, akanionyesha miti ilivyosimama miguu ya upande wa bonde ikiwa mirefu na ya upande wa mlima mifupi, sakafu ikawa sawa bila kuchimba mlima. Akanipeleka kwenye kibanda chake cha kupikia, akanionyesha uchaga, kile kichanja cha kukaushia juu ya mafiga, mahindi ya mbegu yamening'inizwa humo, na mianzi ya paa imekuwa myeusi na migumu kwa moshi. Wadudu hawaigusi, alisema, ina umri wa binti yake wa kwanza.

Tukakaa, nikachora kwa jivu juu ya ardhi. Nilitaka nyumba ambayo mtu wa wakati ule angeiita nyumba: vyumba vya watu wazima na vya watoto, mlango wenye bawaba, madirisha ya kufungua, baraza la kupokelea mgeni. Lakini isimame kama kihenge na dungu. Mguu juu ya jiwe, sakafu juu ya mguu, ukuta mwepesi wa kusukwa, paa pana, na moto ndani chini ya uchaga ili moshi uilinde miti yote. Upande wa mlima nisiweke ukuta wa kuyazuia maji. Nipange mawe kwa umbo la kabari, ncha yake ikielekea juu, maji yakifika yagawanyike, haya kushoto, haya kulia.

Mama Mkubwa hakuridhika na jivu. Alitaka kuona. Basi nikakaa na mabua ya mahindi nikaunda nyumba ndogo, ya kufika magotini, nikaisimamisha kwenye mteremko juu ya vijiwe. Akashika mtungi akaimwagia maji kutoka juu, bila huruma. Ya kwanza ilipinduka. Nikapanua miguu. Ya pili ilisimama lakini ilijipinda kama mtu mwenye tumbo la kuuma. Nikaunda nyingine. Mchana mzima yeye anachota maji, mimi nafunga mabua, na wapita njia wanadhani tumerogwa. Ilipofika nyumba ambayo maji yaliipita chini na kandokando na ikabaki inatutazama, akaweka mtungi chini akasema, "Haya. Kata miti."

Nilirudi mjini kumwomba Fundi Mwinyikombo ruhusa. Nilipomweleza aliuliza kama kweli nataka kuwalaza watu ghalani. Nikamwambia ndiyo, ghala lenye madirisha. Alicheka mpaka tambuu ikampalia. Kisha akanipa ruhusa, akanipa na bawaba za milango zilizobaki kwenye kazi nyingine, na akasema kabla sijakandika nimwite aone, kwa sababu hataki ifike siku watu waseme mwanafunzi wake aliua ukoo.

Sasa niwaambie yaliyokwenda kombo, maana hapo ndipo elimu ilipo. Mianzi ya kwanza tuliikata haraka, mwezi ukiwa mkubwa, na utomvu wake umejaa. Haikupita muda tukaona unga mweupe unaanguka chini yake kila asubuhi. Wadudu dumuzi walikuwa wanakula nyumba kabla hatujaijenga. Tukaitupa yote jikoni. Tukangoja mwezi ufe, tukakata mingine iliyokomaa, tukailaza kijitoni chini ya mawe mpaka ikaacha kunuka utamu, ndipo tukaikausha kivulini. Ninyi mna dawa za madukani, vizuri, zitumieni. Ila mwanzi wenye sukari ni chakula, hata ukiupaka dawa ya rangi gani.

Kingine ni jina. Nilipokuwa naweka ule mti wa juu ya nguzo unaopokea mapao, yaani miti ya paa, Mama Mkubwa akaniuliza unaitwaje. Nikamwambia mtambaapanya. Akaniambia niushushe. Katika maisha yake yote alikuwa amepigana na panya kwenye vihenge, na hawezi kulala chini ya mti ambao mafundi wenyewe wameuita njia ya panya. Nilimweleza kwamba ni jina tu. Hakukubali mpaka nilipochonga visahani vya mbao ngumu na kuvivisha kila nguzo chini ya sakafu, kama vile vya kihenge, panya akipanda agonge kichwa arudi. Baada ya hapo akaruhusu mtambaapanya ubaki, ila yeye aliuita mtambaapaka.

Nguzo zilikuwa za mninga, tuliuleta kwa mabega kutoka chini. Zilipokwisha simama na kufungwa, na kuta zimesukwa, nikamwita Fundi Mwinyikombo. Alipanda mlima siku nzima, amevaa kanzu mbili kwa baridi, akilalamika kwamba Waluguru tumeishi juu ili tuwakimbie mafundi. Alizunguka mara moja. Kisha akaugeuzia ukuta mgongo, akauegemea. Ulikuwa mianzi mitupu bado, ukabonyea, halafu ukamsukuma ukamrudisha wima. Akajaribu tena, ukamrudisha tena. Nikaona ameanza kutabasamu.

Lakini alikuwa na neno. Alishika nguzo ya pembeni akaitikisa, nyumba nzima ikacheza. Akaniambia kihenge hakina pembe, kwa hiyo hakina pa kujipinda. Nyumba yangu ilikuwa na pembe, na pembe isiyozuiwa itakunjika. Tukakata miti ya mshazari, kutoka kichwa cha nguzo hii mpaka mguu wa ile, kila upande, na pembe za upande wa mlima tukaziviringa ziwe karibu na duara. Tulipomaliza alitikisa tena, ikawa kama kutikisa mlima wenyewe. Kumbukeni hilo mnapoiga vitu vya wazee. Ukikibadilisha umbo, ujue umekiondolea nini, ukirudishie kwa njia nyingine. Fundi alishuka akatuletea chokaa kwa wapagazi, ya kupaka ukuta wa nje juu ya udongo, na hakutaka mazungumzo juu yake.

Masika yalianza kabla ya wakati wake. Paa lilikuwa limeezekwa upande mmoja na nusu ya mwingine. Mchana ule mvua ilishuka kwa namna ambayo huoni mkono wako, na kutoka juu tukasikia ule mngurumo ambao kila mtu wa Mgongoni aliujua. Ulikuwa udongo unatembea. Binti za Mama Mkubwa wakataka kukimbia. Yeye alisimama kwenye baraza ameshika nguzo, nami nikasimama kwa sababu yeye amesimama. Tope lilifika kwenye kabari ya mawe, likapanda kidogo kama linalofikiri, kisha likagawanyika. Lililopita kushoto lilichukua mgomba mzima. Lililopita kulia lilifuata bonde lake. Maji mepesi yalipita chini ya miguu yetu, tukayasikia kupitia sakafu ya mianzi.

Halafu pembe moja ya upande wa bonde ikaanza kuzama. Jiwe lake lilikuwa limekaa juu ya udongo laini ambao hatukuugundua, na maji yakaula. Nguzo ilishuka, mtambaapanya ukalia, mapao yakaanza kuachana. Nikarukia chini na wanaume waliokuwa wakitusaidia kuezeka, tukaikumbatia nguzo tukajaribu kuiinua. Haikuinuka. Kila tulipoivuta, tuliikandamiza jirani yake.

Ndipo nikasikia sauti ya Mjomba Kibwana. Alikuwa amepanda kutoka chini katika mvua ile, na mguu ule, na fimbo ile. Sijui alitumia muda gani. Alikuwa ametapakaa tope mpaka kifuani.

"Acheni mguu," alisema. "Shikeni mzigo kwanza."

Hakuhitaji kueleza zaidi. Kila mmoja wetu alikuwa amewahi kuona kihenge kikifunguliwa: unalitia paa mti wenye panda, unaliinua, linakaa juu ya mti huo wakati wewe unachota mahindi. Tukakimbilia miti ya panda iliyokuwa imeegemezwa kwenye vihenge. Mjomba akaketi juu ya jiwe kwenye mvua akituongoza, panda hii hapa, ile pale, sukumeni pamoja, taratibu. Mtambaapanya ukapanda. Nguzo ikawa nyepesi, ikaning'inia kama jino bovu. Tukachimba chini yake mpaka tukafika udongo mgumu, tukaweka jiwe kubwa zaidi, tukaishusha nguzo juu yake. Ilipokaa, Mjomba alinyoosha mkono, Mama Mkubwa akamwinua. Alimwingiza ndani, akamkalisha karibu na moto, akamfunika shuka yake.

Mjomba hakushuka tena. Alisema nyonga haimruhusu, lakini nilimwona siku iliyofuata akisuka fito za paa, na nyonga haikumzuia kupanda ngazi.

Masika yalipokatika nyumba ilikuwa imepakwa chokaa nje, inaonekana kutoka njia ya Kisaki kama kikombe juu ya rafu. Mpima akaja. Alikuwa Mdachi kijana, mwekundu kwa jua, na watu wa minyororo yake ya kupimia na wenye kushika bendera. Akida alitangulia. Alikuwa na mashaka usoni tangu mbali. Mpima aliizunguka nyumba, akainama akatazama chini, akagonga nguzo, akagusa kile kisahani cha kuzuia panya. Alijua Kiswahili cha kazi. Akamwuliza akida, sote tukasikia, kama hili si ghala.

Kazi yote ile, na mfano wetu tulioupenda ndio ungetuangusha. Akida akasema huko milimani maghala yao ndivyo yalivyo. Nikafungua mdomo nieleze habari za madirisha na bawaba, lakini Mama Mkubwa alikuwa ameshatoka mlangoni. Alikuwa amevaa kaniki safi, na mkononi ameshika kigoda.

"Mwambie akae," alimwambia akida. "Ghala halina mahali pa mgeni kukaa."

Akaweka kigoda barazani, akarudi ndani, akatoka na ndizi za kuchoma na maziwa. Mpima alitazama kile kigoda. Alikuwa amepanda mlima tangu alfajiri, na kivuli cha paa letu kilikuwa kipana. Akakaa. Akala. Watoto walikuwa wanamchungulia dirishani, mmoja analia ndani, sufuria inatokota, na Mjomba alikuwa anakohoa chumbani kwake kama mtu mwenye chumba. Mpima alitazama haya yote kwa zamu. Alipomaliza kula akafungua vitu vyake, akamwambia akida aulize nyumba ni ya nani.

Akida hakumwuliza Mama Mkubwa. Alimwita Mjomba, mwanamume mkubwa wa pale. Mjomba alitoka akiegemea fimbo. Nataka mwelewe kilichokuwa mbele yake. Angesema neno moja tu, na mlima wote ule ungekuwa kwa jina lake na wanawe, ambao kwa mila yetu ni wa ukoo wa mama yao, na binti za dada yake wangekuwa wageni. Kulikuwa na wanaume wengine milimani waliosema neno hilo mwaka ule. Hakuna aliyewalazimisha, na hakuna aliyewakanya.

"Ni ya dada yangu Zena," alisema Mjomba. "Mimi nakaa kwake."

Akida akasema serikali inataka jina la mwanamume. Mjomba akajibu kwamba ameulizwa mwenye nyumba, naye amemtaja. Kama wanataka jina la mwanamume, yeye anaitwa Kibwana, na kazi yake ni kusuka paa. Akida alimgeukia mpima akitaka amsaidie. Mpima alichoshwa na ubishi, au alielewa, sijui. Aliandika. Watu wake wakavuta minyororo kuanzia kwenye kovu la nyumba ya zamani, wakaipita migomba, wakazunguka mashamba yote, wakateremka upande wa pili.

Mlima wa jirani ulikwenda kwa mlowezi. Watu wake walishuka barabarani, wengine walirudi kupalilia kahawa juu ya makaburi ya bibi zao. Baadhi yao walikuja Mgongoni kuniuliza nyumba ile hujengwaje, na nilijenga kadhaa, kila moja tofauti kidogo, kwa sababu kila mteremko una tabia zake. Kabla ya kuchora niliomba nionyeshwe ghala, banda la kupikia, dungu, hata zizi la mbuzi. Niliuliza lipi limesimama muda mrefu, nikalala kifudifudi nikaingia chini yake. Fanyeni hivyo. Chukueni saruji yenu na mabati yenu, sina ugomvi navyo, lakini muulizeni kwanza mtu wa pale ni wapi maji hupita, na msiyazibie maji njia yake.

Vita vilipokuja, Wadachi walirudi nyuma kwa njia ile ile ya Kisaki, na Waingereza nyuma yao. Askari wa upande huu na wa upande ule walipita wakila mahindi ya watu. Vilipotulia nikapanda Mgongoni kuona kama kuna kilichobaki. Nyumba ilikuwepo. Bawaba mbili zilikuwa zimeng'olewa, na mlango umefungwa kwa kamba. Mama Mkubwa Zena alikuwa barazani anachambua maharage, amezeeka, macho yamefifia. Nikampa shikamoo, nikakaa, nikamweleza habari za mjini: kwamba serikali iliyotupima imeondoka na karatasi zake, hakuna ajuaye ziko wapi, na hawa wapya huenda wakaja kutupima upya kana kwamba hatujawahi kupimwa.

Aliendelea kuchambua. Alitupa jiwe dogo uani.

"Waje," alisema. "Watatukuta."

Kisha akanyoosha kidole juu paani, akaniambia nyasi za upande wa mvua zimechoka, na nisithubutu kushuka mjini kabla sijazibadilisha. Nikavua shati, nikaenda kutafuta ngazi.